Vidonge vya Njano

Dorthe alitapika mpaka akaona damu kwenye ndoo. Ilikuwa siku ya pili tangu atundikiwe dripu ya dawa za saratani, na tumboni hakukuwa na kitu tena isipokuwa nyongo, lakini tumbo lilizidi kujikamua kama tambara la deki. Kila liliposhika, kichwa chake kisicho na nywele kiligonga ukingo wa bafu.

"Toa," alisema Flemming, kaka yake, amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Toa yote. Hiyo ni sumu inatoka."

Flemming alikuwa amehamia kwake wiki tatu nyuma, na hakuna aliyemwita. Alikuwa fundi bomba, mkubwa kwa Dorthe kwa miaka sita, mtu ambaye tangu utotoni ngumi yake hutangulia maneno. Dorthe alipokuwa na miaka kumi na mmoja, Flemming alimvunja jino kwa ugomvi wa baiskeli. Hata hivyo, alipofika na sanduku lake la vifaa akasema atampikia na kumpangia dawa, Dorthe alimfungulia. Mumewe alishakufa, na nyumba ile mjini Esbjerg ilikuwa kimya mno.

Dripu ya kwanza, kabla Flemming hajaja, haikumtesa hivi. Alimeza vidonge vya kuzuia kutapika asubuhi na jioni, akala mkate na maini ya kupaka, akalala. Ndiyo maana saa nne asubuhi ile alijikokota hadi jikoni akapiga simu wodini.

"Vidonge unameza?" aliuliza Sanne, muuguzi wake.

"Vyote. Kaka ananiwekea kwenye kile kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki."

"Vya rangi gani?"

Dorthe alifungua chumba cha Jumatano. "Njano."

"Mimi nilikupa vyeupe. Hebu king'ate kimoja."

Kilikuwa kitamu, chenye ladha ya chungwa. Vitamini za watoto.

Aliacha simu wazi mezani, akaenda ukumbini lilikokaa sanduku la chuma la Flemming. Alizitoa spana sakafuni, na chini yake akakuta paketi zake, vidonge vyeupe vyote vimo, hata kimoja hakijatobolewa.

"Acha hizo," alisema Flemming nyuma yake.

"Umenibadilishia dawa."

"Nimekuokoa. Mwili unataka kutapika, wao wanauziba ili sumu ibaki ndani. Mama walimziba hivyo hivyo, akaoza tunamwona."

"Natapika damu, Flemming."

"Basi inafanya kazi."

Akainama kuzinyakua. Mkono wake ulipozama sandukuni, Dorthe alibamiza kifuniko na kukikalia. Miaka ishirini na sita alikuwa akikata mapaja ya nguruwe machinjioni, na mlio wa mfupa unaovunjika aliujua vizuri. Flemming alinguruma. Kwa mkono uliobaki alimpiga ngumi ya mdomo, kisha ya jicho. Dorthe hakuinuka. Aliokota spana sakafuni akampiga nayo begani, mara mbili, kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo, mpaka Flemming akamsukuma akaanguka na mkono ukachomoka, vidole viwili vimegeukia kusikotakiwa.

Hapo akampiga teke la mbavu. Dorthe alisikia ubavu ukikatika kabla hajasikia maumivu.

Alitambaa hadi bafuni na paketi moja kiganjani, spana mkononi, akafunga kwa komeo. Akatia kidonge mdomoni pamoja na damu, akakimeza kwa maji ya bomba.

"Tema, Dorthe!" Mlango ulitikisika kwa bega lake. "Tema, utakufa!"

Alikuwa analia, na huku analia akauvunja ubao wa kati. Mkono wake uliobaki mzima ukapenya kutafuta komeo. Dorthe aliupiga kwa spana. Ukarudi tena, akaupiga tena, na alikuwa bado anaupiga polisi walipofika. Sanne alikuwa amesikia yote kwenye simu, akawaita.

Hospitalini walimwekea maji na dawa ya kichefuchefu kwenye mshipa. Baada ya nusu saa tumbo lilimwachia.

"Polisi wanataka maelezo," Sanne alisema. "Ukitaka, wasubiri kesho."

"Waingie sasa hivi."

Aliwaeleza kila kitu, hata jino. Flemming alihukumiwa miezi saba jela. Mahakamani, mikono yote miwili ikiwa kwenye plasta, alimwambia hakimu kwamba dada yake alikuwa anapona mpaka walipoingilia kati.

Dripu nne zilizobaki Dorthe alikwenda peke yake kwa basi. Vidonge vyeupe alivimeza kwa saa zake, na hakutapika tena. Lakini siku moja, akipika viazi, alijikuta amemenya vya watu wawili, na hasira iliyompanda wakati huo ilimzidi ile ya siku ya sanduku, kwa sababu sasa hakukuwa na mtu wa kumpiga.