Meli Haimngoji Obura

Obura hakumwamini mtu. Hata Nereah mkewe akimpakulia samaki, alichungulia kwanza sufuriani aone kilichobaki. Watu wa Kendu walimsamehe, wakasema ni vita vilivyomharibu, maana alikuwa ameendesha lori la jeshi Burma miaka miwili, na kule alijifunza kwamba kichaka kikinyamaza sana kina watu ndani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama yake lakini alikataa kuisingizia Burma. Alisema mtoto huyu alizaliwa hivyo, hata titi alilikagua kabla ya kunyonya.

Mwaka huo wa 1949, kila baada ya Alhamisi mbili, meli ya kuzunguka ziwa ilitia nanga Kendu alfajiri, imebeba Wazungu wanaotembea kwa kupenda tu, ikaondoka saa kumi na moja jioni. Waliotaka kuona milima ya Kisii walipanda magari ya kampuni ya meli, mmoja wa madereva akiwa Odero. Magari hayo yakichelewa, meli ilingoja, kwa sababu kampuni na kapteni walikuwa kitu kimoja. Aliyepanda gari jingine, shauri yake. Meli ilipiga honi, ikang'oa nanga, ikakata ziwa moja kwa moja hadi Mwanza.

Obura alikuwa amenunua gari kuukuu la jeshi, akalipaka rangi ya buluu, akaomba ruhusa ya kuchukua abiria gatini. Aliomba miezi saba. Mwishowe Jeconia, karani wa bandari, alimpa karatasi yenye muhuri, akamwambia, "Ndugu yangu, karatasi hii ni ya kukujaribu. Abiria wako mmoja akiachwa na meli, mmoja tu, usikanyage gati hili tena."

Abiria wake wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mzee mwembamba mwenye kofia kubwa, jina lake Miss Dobson, ambaye Obura alimwita Memsaab. Alikuwa ametanguliza barua bandarini wiki moja kabla: hakutaka kwenda sokoni na wenzake kutazama ndizi. Alitaka kuchora obokano, lile zeze kubwa la Abagusii, watu wa Kisii, lenye nyuzi nane, linalonguruma hadi kifuani kwa msikilizaji. Obura hakujua Kigusii hata neno la kuomba maji, kwa hiyo alikuwa amemwambia mapema Makori, mtu wa Kiogoro huko Kisii, aliyekuwa akifanya kazi ya ukalimani bandarini, mpole, Msabato, mwenye koti moja la heshima.

Kabla hawajaondoka, Makori alisema, "Ndugu Obura, mvua ya kwetu mwezi huu inanyesha saa nane, kila siku. Ile mlima ya udongo nyekundu itakuwa sabuni. Nitafute watu?"

"Hakuna mtu atagusa hii gari," Obura alimkata. "Mimi nimevuka matope ya Burma mpaka kiuno. Watu wako watasukuma kidogo, halafu watataka gari yote."

Makori alinyamaza. Kunyamaza kule Obura hakukupenda. Hakupenda hata zaidi kile alichokiona dakika tano baadaye: Makori amesimama na Odero nyuma ya ghala la pamba, wanaongea vichwa vimekaribiana, halafu Odero akacheka na kumpiga bega. Mtu wa kampuni anacheka nini na mtu wangu? Obura alijiuliza swali hilo hadi Oyugis, na jibu alilolipata halikuwa zuri.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Wameondoka saa moja na nusu. Saa nne wawe Kiogoro. Saa saba waanze kurudi, saa kumi wawe gatini, na saa nzima ibaki ya Memsaab kunywa chai yake. Hesabu nzuri, ila ilitegemea barabara moja na mtu mmoja, na huyo mtu ndiye aliyekuwa amekaa pale kushoto kwake akitazama mawingu.

Walipofika mguuni mwa kile kilima chekundu, Makori aliomba gari lisimame. Kando ya njia walikuwepo wanaume wengi, wengine wamechuchumaa, wengine wamesimama kwenye migomba, na kila mmoja ana panga. Makori aliteremka, akasema nao Kigusii kwa muda mrefu. Alionyesha mlima, akaonyesha gari, akahesabu kwa vidole. Kijana mmoja akaja na ufito, akaupima kutoka gurudumu hili hadi lile, akaukata pale pale kwa kipimo hicho. Wenzake wakaitikia kwa pamoja.

"Huyu anapima nini?" Obura aliuliza Makori aliporudi.

"Anashangaa gari tu. Ndugu, tukirudi tupite hapa hapa. Usishike njia ingine."

"Kwani nimesema nitashika ingine?"

"Nasema tu."

Mtu anapimiwa sanda, anaambiwa watu wanashangaa urefu wake! Karatasi ya Jeconia ilikuwa mfukoni mwa shati, na kila gari liliporuka Obura aliishika kuhakikisha ipo. Aliona jambo lote limenyooka sasa. Odero hataki mshindani gatini. Makori amepewa kazi ya kumchelewesha, na watu wale watafunga njia kwa migomba hadi honi ya meli ilie. Hawahitaji hata kumpiga. Saa tu itamaliza kazi.

Kiogoro walipokelewa na mzee Nyasani, mpigaji wa obokano, aliyewapa mikono miwili na viti vya miguu mitatu. Memsaab alitoa daftari lake akaanza kuchora hata kabla ya kukaa. Lakini mzee hakuwa na haraka. Kwanza alianika ngozi ya zeze juani. Halafu alivuta uzi mmoja, akasikiliza, akaulegeza. Akavuta wa pili. Obura alitembea uani kama kuku anayetaka kutaga. Ilipofika saa sita ndipo zeze likanguruma, na Memsaab akaacha kuchora, akakaa mdomo wazi kama mtoto. Hata Obura alisikia kitu kikimgonga chini ya mbavu, ila alikasirika kwamba ni kizuri, kwa sababu uzuri nao ulikuwa unakula saa.

Kisha Tryphosa, mke wa mzee, akaleta obokima, ugali mweusi wa wimbi, na kuku mzima.

"Hatuna saa ya kula," Obura alisema.

"Kuku amechinjwa," Makori alisema taratibu. "Mgeni hawezi kutoka."

"Wewe ndiye ulisema achinjwe?"

"Mimi nilisema tunakuja. Mtu akija, kuku anachinjwa. Nani anangoja kuambiwa?"

Obura alikula matonge mawili bila kuyaonja. Alikuwa akimtazama Makori, na Makori alikuwa akitazama mawingu, ambayo sasa yalikuwa yamekaa juu ya vilima upande wa Kisii mjini. Mara Makori akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Obura alimfuata kwa hatua za Burma, akachungulia. Makori alikuwa akimwambia mtu mmoja maneno ya haraka. Mtu yule akashika panga lake, akateremka mbio kwenye kijia cha migombani, akielekea kule kule walikotoka.

Basi. Obura hakutaka ushahidi mwingine. Alirudi mbele, akamwambia Memsaab saa imefika, akamfungulia mlango. Makori alikuwa bado nyuma ya nyumba, akiagana na wazee kama watu wa kule wanavyoagana, mmoja mmoja. Gari lilikuwa limeshashika barabara alipotokea akikimbia, koti mkononi, akipiga kelele, "Ndugu! Ndugu Obura! Njia ile ile!"

"Ile mtu iko wapi?" Memsaab aliuliza.

"Amebaki kwao, Memsaab."

Alipofika njia panda, Obura hakushuka Kisii. Alishika ya Nyamira, azungukie Sondu, aingie Kendu kwa upande wa ziwani. Ilikuwa ndefu zaidi, lakini alikuwa amewahi kuipita, na ilikuwa kavu kama mkeka. Alisahau jambo dogo tu, kwamba alipoipita ilikuwa Januari, na sasa ulikuwa Aprili. Alicheka peke yake, akawaza Odero na watu wake wakingoja kilimani hadi waote mizizi.

Mvua ilikuja saa nane, kama ilivyoahidiwa. Huko mbele ya Nyamira, kwenye bonde lisilo na jina kwa Obura, gari lilizama upande wa kushoto hadi kwenye ekseli. Alijaribu mbele, alijaribu nyuma, alikata matawi, alichimba kwa mikono. Mwishowe akapiga honi, akapiga tena. Watu walitoka majumbani, wakasimama ukingoni mwa mashamba wakijifunika majani ya migomba, wakamtazama.

Mama mmoja mzima, Persis, aliyejua Kiswahili cha misheni, alisogea. "Wewe ni mgeni wa nani?"

Obura alifungua kinywa. Jina pekee lililomjia lilikuwa la Makori. "Mimi si mgeni wa mtu," alisema. "Mama, ambia watu wasukume."

"Mwanangu, hapa watu hawaitwi na honi. Anayetaka mikono ya watu anatuma neno mapema, na mtu wao ndiye anaita. Hiyo ni risaga. Wewe umeanguka tu kama mvua."

Walikuja kumsaidia hata hivyo, polepole, kwa kumhurumia yule mama wa Kizungu aliyekaa ndani akiwa amelikumbatia daftari lake. Lakini kukusanyana kwao, kushauriana kwao na kutafuta kamba kulikula saa nzima na zaidi. Gari lilipotoka, Obura hakumshukuru mtu. Aliendesha kama aliyefukuzwa, mkono mmoja kwenye usukani, mmoja juu ya mfuko wa shati.

Aliingia Kendu saa kumi na mbili kasoro robo. Gati lilikuwa tupu. Meli ilikuwa moshi tu kule ziwani, na masanduku ya Miss Dobson yalikuwa ndani yake. Memsaab aliteremka, akamgeukia. "Wewe nasema yeye nabaki kwao," alisema. "Yeye nakimbia nyuma ya gari. Mimi naona." Askari wa bandari alimchukua kumtafutia mahali pa kulala siku zote hadi meli nyingine.

Jeconia alinyoosha mkono, na Obura akatoa karatasi. Ilikuwa imelowa, muhuri umekuwa wingu.

"Kapteni alingoja dakika ishirini," Jeconia alisema. "Kwa ajili yako, wewe usiye na kampuni. Makori alimpigia magoti hapa hapa mbele ya watu."

"Makori? Amefikaje?"

"Na Odero. Alimwokota njiani."

Makori alikuwa amekaa kwenye gogo la kufungia kamba za meli, matope yamemfika magotini, koti lake la heshima limekunjwa kando. Obura alimwendea. Alitaka kuanza na matusi, ila hayakumjia.

"Ile kilima," alisema. "Odero alipitaje?"

"Ilikuwa imetandikwa. Watu ishirini na moja, ndugu. Walikata migomba wakapanga njia mbili, juu mpaka chini, kwa kipimo ya magurudumu yako. Nilituma neno la risaga jana kwa ajili yako. Wewe leo nilipokuuliza ukakataa watu, nikaogopa kukuambia nimeshawaita. Nikasema, akifika akiona iko tayari, atapita tu. Odero asubuhi alinicheka. Alisema huyo Obura wako utamtandikia hata kitanda na ataangalia chini yake." Akafuta uso. "Mvua ilipokaribia nikatuma mtu mbio, wamalize. Akapita Odero."

Aibu ilimpanda Obura kutoka miguuni, moto, kama mtu aliyekanyaga majivu akidhani yamepoa.

"Sasa twende," Makori alisema, akisimama.

"Wapi?"

"Kwa watu. Mke wangu amepika huko kwa shemeji yangu, karibu na kilima. Hawajala. Risaga haili mpaka mwenye kazi afike wamwone uso, akae nao. Mwenye kazi ni wewe. Kama sikupeleki, mimi nimewaita kwa bure, na siku nyumba yangu ikianguka hakuna mtu atasikia nikiita. Twende, ndugu. Hawana maneno. Watataka ule tu."

Obura aliwaona akilini. Ishirini na mmoja, wamekaa, mapanga miguuni, wanangoja uso wake. Aliona wakimtazama anavyoteremka garini. Aliwaza watamfanya nini, na papo hapo akajua hawatamfanya lolote, na hilo ndilo lililomshinda.

"Gari haina petroli," alisema.

Makori alitazama gari, akamtazama yeye. Alikuwa amekaa pembeni ya geji ya petroli asubuhi nzima, akaiona imejaa. Aliokota koti lake, akalivaa juu ya matope, akafunga kifungo kimoja baada ya kingine.

"Basi nitawaambia gari ilipinduka Nyamira, ukafa," alisema. "Mwenye kazi akifa, watu wanakula, na hakuna mtu analaumu mwingine. Ni hiyo peke yake wataelewa. Lala salama, ndugu."

Akashika njia ya mlimani kwa miguu. Alifika karibu na alfajiri, akawaambia, na kule kilimani wakamwombea Obura kwa sala, wakala. Naye aliishi miaka mingi baada ya hapo, akibeba samaki na pamba kando ya ziwa, lakini Kisii hakupanda tena.