Diplome ya Kashe Tatu

Bwana yangu, Valentin, iko na ugonjwa moja: matumaini. Malaria inamukamata mara moja kwa mwaka, anakunywa dawa, inaisha. Matumaini haina dawa. Kila Jumatatu anavaa shati nyeupe, anaweka dosye yake, faili ya karatasi za kazi, chini ya kwapa, anapanda kabaza, ule baisikeli ya kubeba bantu, mpaka kwa lami, kutoka pale anaenda Lilongwe kutafuta kazi. Jioni anarudi na vumbi mpaka kwa nyusi. Anakaa, anavua viatu, anasema, "Mama Cadeau, banasema tungojee kidogo. Batapiga simu."

Batapiga simu! Simu yenyewe kioo imepasuka, betri tumefunga na mpira. Hata malaika Gabrieli akipiga, haitaingia.

Mi ni Eugénie, mushonaji wa nguo, mutu wa Uvira, Kongo. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, bananiita Mama Cadeau juu ya mutoto wetu wa kwanza. Mujue mapema: mi sina kinywa kizuri. Mama yangu alishindwa kunifundisha, pasta ameshindwa, Valentin hajajaribu.

Zamani tulikuwa tunaishi mjini, Area 36. Nilikuwa na kibanda, mashini mbili na bakliya ba kutosha ba kuleta nguo. Valentin alikuwa anafundisha batoto ba jirani Kifaransa kwa baraza yetu. Halafu mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu serikali ikasema wakimbizi wote barudi kambini. Tukarudi na mashini moja juu ya baisikeli, ingine ilibaki kule, Mungu anajua nani anashonea leo. Ile siku ya kurudi, Valentin alisimama kati ya vyombo vyetu pale chini, akasema, "Tutahama tena. Lakini safari hii tutahama na barua ya kazi mukononi, na hakuna mutu atatugusa."

Nilicheka. Nilicheka vibaya, jirani baligeuka.

Sasa, mwezi wa tatu ya mwaka huu, kweli kitu kikatokea. Shule moja ya binafsi, pembeni ya Area 36, ilikuwa inatafuta mwalimu wa Kifaransa. Na kazi ilikuwa na nyumba: vyumba viwili nyuma ya shule, sementi chini, bomba ya maji kwa uwanja. Shule ingemwandikia barua, na kwa ile barua tungeomba ruhusa ya kuishi mjini kama bantu. Valentin amefundisha kule kwetu Fizi miaka kumi na ine, Kifaransa chake kinanyooka kama reli. Directrice wa pale, mwalimu mukuu, alimwambia vitu viwili tu: akuje afundishe mbele yake, na alete diplome, ile yenyewe, hapana kopi.

Diplome alikuwa nayo. Siku tulikimbia, mi nilibeba mutoto, yeye alibeba maji, na diplome ilikuwa kwa tumbo yake chini ya shati, ndani ya plastiki. Aliitoa mbele yangu, akaiweka kwa meza. Nikaiangalia. Mama weee! Karatasi imekuwa njano, na kashe ya serikali, ule muhuri wa wino, imefifia mpaka imebaki duara kama alama ya kikombe cha chai. Nilisikia haya.

"Na hii njo utaonyesha bantu?"

"Ni original, mama Cadeau."

"Original bila kashe ya kuonekana! Nani ataamini?"

Kwetu Uvira karatasi bila kashe ni ya kufungia karanga. Unataka kuzika mutu, kashe. Unataka kuandikisha mutoto shuleni, kashe. Mukubwa wa avenue, chifu wa mutaa, anaweza kukosa viatu, kashe hakosi, na analala nayo. Valentin anajua, yeye pia ni mutoto wa kule, lakini alikuwa anakunakuna kichwa, hataki. Nikamunyanganya ile karatasi, nikaenda mi mwenyewe kwa Norbert.

Norbert iko na kibanda karibu na soko, na mashini ya kutoa kopi, na kalamu tatu kwa mufuko, hakuna hata moja inaandika. Anajiita facilitateur. Anafacilita nini? Anatengenezea bantu dosye za kazi, bantu banaenda nazo mjini, banarudi nazo vile vile, na yeye ananona. Lakini iko na kopo ya plastiki imejaa kashe. Akaniuliza nataka za wapi. Nikasema, "Zenye kuonekana."

Akagonga ya kanisa, ya bluu. Akagonga ya komite ya bloku, nyekundu. Ya tatu ilikuwa ya chama cha walimu wakimbizi, zambarau, na mwanachama wa kile chama ni Norbert peke yake, mutu hajafundisha hata mbuzi. Nikapuliza wino ikauke. Nikafika nyumbani, nikamwekea Valentin mbele, nikasema, "Sasa njo diplome."

Aliiangalia sana. Akasema, "Asante, mama."

Alienda. Akarudi jioni, akakaa, akavua viatu. "Banasema tungojee kidogo. Batapiga simu."

Wiki ya kwanza nilingojea. Ya pili nikaanza kumuuliza kila asubui kama directrice amekufa. Ya tatu nikamupa jina, Waziri wa Kungojea, na batu bote ba bloku bakalishika. Akipita kwa kisima, Bella, Mrundi mwenye kuuza nyanya, anasimama anapiga saluti: "Bwana Waziri, habari ya wizara?" Na yeye anajibu, "Tuko tunaendelea." Anatabasamu! Mutu banamuchekelea, anatabasamu.

Jirani yetu Esperance, mutu wa maombi, aliniambia, "Mama Cadeau, subira yavuta heri."

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo," nikamujibu. "Ya kwangu iko inauma tangu tutoke Uvira."

Na Valentin hakuacha kutoka. Alienda kwa shule zingine, zote bakasema hapana au bakasema kesho. Alienda mpaka Capital Hill kuulizia karatasi ya kazi, kule kwa mabiro ya serikali, fasi bantu banatembea na faili moja kutoka asubui mpaka magaribi na hawaifungui. Mulinzi mumoja alimwambia arudi Alhamisi. Hakumwambia Alhamisi gani. Valentin akarudi Alhamisi tatu.

"We ni mutu wa namna gani?" nilimuuliza siku moja, mbele ya bageni. "Mbwa akifukuzwa mara mbili anaelewa. We unataka bakuandikie?"

Akasema, "Chai iko wapi?"

Wiki ya sita nilichoka. Nilikuwa na ruhusa ya kwenda mjini siku moja kununua zipu na kitambaa cha ndani pale soko ya Mchesi. Nikanunua haraka, hata bei sikubishana, mujue nilikuwa nimekasirika kweli. Halafu nikapanda minibasi mpaka kwa ile shule. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani. Nilitaka kumwambia yule directrice kwamba bantu ba adabu banasema ndiyo ao hapana, habawekei baba wa familia simu kwa sikio wiki sita.

Directrice, Madamu Kachale, ni mama mufupi, miwani imefungwa na kamba kwa shingo, alikuwa anasahihisha madaftari. Miaka yangu ya Area 36 ilinipa Chichewa ya kutosha ya kugombana nayo. Nikamusalimia kwa adabu, "Zikomo, amayi," halafu nikafungua kinywa. Nilisema yote. Nilisema juu ya vumbi ya nyusi, juu ya Waziri, juu ya simu. Yeye aliweka kalamu chini, akanisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Mama, mi sikusema nitapiga simu. Nilimwambia hapana siku ile ile."

"Hapana gani?"

"Bwana yako anafundisha vizuri sana. Nilimupa darasa dakika makumi ine, kengele ikalia, batoto hawakusimama. Nilishamuonyesha nyumba. Alipima dirisha na mukono, akasema bibi yake ni mushonaji, mashini itakaa pale kwa mwangaza." Akavua miwani. "Halafu akatoa diplome."

Nikaanza kukunja mufuko ya zipu.

"Muhuri ya kanisa, mama. Kanisa inajua nini juu ya diplome ya serikali? Moja imefunika jina lake. Ingine imekaa juu ya mwaka, haisomeki. Hapa kwetu diplome ni kitu cha kuweka kwa kabati, hakuna mutu anaigusa. Mwenye shule aliiona akasema hii karatasi imechezewa, huyu ni mudanganyifu, atoke. Nilimtetea kidogo. Nilimuuliza, mwalimu, nani amefanya hivi? Akasema, 'Ni mi, madamu. Nilifikiri itapendeza.'"

Akanitazama na huruma, sitaki kukumbuka ile macho.

"Niliwaza siku nyingi," akasema. "Mwalimu mwenye akili vile. Mutu gani anaharibu karatasi yake na mukono yake mwenyewe?"

Mi niko na jibu kwa kila mutu. Kwa pasta niko nalo, kwa polisi niko nalo, kwa Norbert niko nayo mia. Nyani haoni kundule, njo mi huyo.

"Si yeye," nikasema. "Ni mi. Nilipeleka mi. Alikatala, nikamunyanganya."

Madamu Kachale alirudisha miwani kwa macho. Akasema ataambia mwenye shule, ili jina la Valentin lisafishwe, lakini kazi imeshapata mutu, kijana wa Blantyre, na ameshaingia kwa nyumba. Aliponisindikiza niliiona. Vyumba viwili, sementi, bomba kwa uwanja. Dirisha iko kweli upande wa mwangaza. Kwa kamba kulikuwa soksi za huyo kijana, zinatiririka maji, hata kukamua hajui. Bure kabisa.

Kwa minibasi nilikaa na zipu zangu kwa magoti. Nilitaka kumuchukia Norbert, lakini haikushika. Norbert nilimwendea na miguu yangu. Nilitaka kumuchukia kijana wa soksi, na yeye pia haikushika. Nilibaki na mutu mumoja tu wa kuchukia, na alikuwa amekalia kiti yangu.

Nilifika jua ingali juu. Valentin alikuwa kwa mulango, ungo kwa magoti, anachagua maharagi.

"Zipu umepata?"

"Nimetoka kwa shule."

Mukono yake ikasimama ndani ya maharagi. "Amekuambia?"

"Yote. Baba Cadeau, wiki tatu nakuita Waziri mbele ya bantu! Bella anakupigia saluti! Kwa nini haukusema, mwanamuke wangu njo aliharibu? Kwa nini ulisema ni we?"

"Ningesema ni we, ingebadilisha nini? Diplome haingepona."

"Na mi? Mi ungeniambia!"

Alitoa kijiwe, akatupa. Akatoa ingine.

"Ningekuambia, ungenyamaza," akasema. "Nakujua. Ungekaa kwa ile mashini unajilaumu mpaka mwaka iishe, na mutu wa kunitukana ningetoa wapi? Nikitoka asubui, unanifokea mpaka kwa kona, najua nyumba yangu iko nzima, mutu bado anataka kitu kwangu. Siku utaanza kunihurumia, mama Cadeau, sitafika hata kwa lami."

Nilitafuta neno. Neno la uzuri, kama batu bengine banavyosema kwa babwana yabo. Nilitafuta kweli, sikulipata, pengine sijawahi kuwa nalo.

"Jumatatu unaenda wapi?" nikauliza.

"Kuna shule upande wa uwanja wa ndege. Nitabaambia ukweli: diplome iligongwa kashe kwa ujinga, munijaribu kwa ubao."

"Ujinga ya nani?"

"Yetu," akasema, na akanitazama kwa woga. Huyu mutu hajaogopa risasi, hajaogopa ziwa siku tulikimbia, aliniangalia mi kama mutu anayengojea kuambiwa nani amekufa. Nilielewa anangojea nini. Kama ningelia pale mbele yake, ningemaliza ile kazi ya kumuharibu yenye Norbert alianza.

Nikachukua ile ungo, nikaiinua mpaka kwa macho.

"Na maharagi unachagua na macho gani?" nikasema. "Tazama mawe! Unataka kutuvunja meno? Wizara nzima, kuchagua maharagi inashindwa!"

Akacheka. Alicheka mpaka akapangusa uso na mukono wa shati, akaniomba ungo, akaanza tena mwanzo, moja moja.

Nikaingia ndani, nikakaa kwa mashini, nikaikanyaga kwa nguvu bila kitambaa, ili asisikie nikilia.