Fundo la Mwalimu Mhina

Kwa kufunga kamba, Mwalimu Mhina hakuwa na mpinzani kuanzia Mazinde mpaka Mombo, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Uskauti alijifunza akiwa kijana mdogo kwao Handeni, chini ya mkuu wa kikosi mmoja mkali aliyewafungisha mafundo wakiwa wamezibwa macho. Tangu hapo hakuona sababu ya kwenda kujifunza tena kwa mtu. Skauti wake kumi na wanane aliwapima vilevile alivyopimwa yeye. Fundo likilegea, kadi ya majaribio ilirudi bila saini na mtoto akarudi kwao amenuna. Kwa Mhina beji haikugawiwa kama pipi za sikukuu.

Ndiyo maana Jumamosi ile ilisubiriwa kwa hamu. Yasinta, msichana wa kidato cha pili, alikuwa avishwe beji ya huduma ya kwanza na kupandishwa ngazi mbele ya wazazi, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza kama anastahili. Wazazi wake walikuwa kijijini Mpale wakilima, yeye akiishi Mazinde kwa baba yake mdogo, Erasto, mkata mkonge. Miezi mitatu nyuma, wakati wa likizo, alimpelekea chakula shambani na kumkuta ndiyo kwanza ameumwa na nyoka, kifutu, mguuni. Wanaume wazima walikuwa wakipiga kelele na kugongana. Yasinta alichukua kamba ya katani, akaizungusha chini ya goti, akapenyeza kijiti, akakisokota mpaka Erasto akapiga yowe, kisha akamaliza kwa fundo. Bodaboda ilipasuka tairi njiani, gari likakosekana, na hospitali ya Korogwe waliiona baada ya muda wa saa nne.

Erasto alipona. Mguu wake wa kulia ulikatwa gotini.

Watu walisema heri mguu kuliko roho. Walimshukuru Mungu, wakamshukuru Yasinta, na Yasinta akamshukuru mwalimu wake. Mwalimu mwenyewe alikuwa akitembea na kipande cha ile kamba mfukoni.

Alikipata siku alipokwenda hospitali kumwona mgonjwa. Daktari mmoja kijana, Munira, alimwona amevaa skafu ya skauti, akamwita pembeni.

"Shikamoo mwalimu. Wewe ndiye uliyewafundisha kufunga hivi?" Akatoa kamba kwenye droo.

"Ndiye mimi," Mhina akasema, na hapo bado alikuwa anatabasamu.

"Limefungwa vizuri mno. Tulilikata kwa mkasi, kufunguka lilikataa." Munira hakutabasamu. "Mwalimu, mtu aliyeumwa na nyoka hatufungi kamba ya kukaza. Sumu ya kifutu inakula nyama, na ukiibana pale pale ndiyo inakula zaidi. Tena mguu ule ulikaa saa zote zile bila damu. Siwezi kuapa kwamba tungeuokoa, ila ninaamini tungeuokoa. Yule binti sijamwambia. Nimeshindwa. Lakini wewe unafundisha, na wengine watakuja kuumwa."

Mhina alirudi Mazinde akafungua kabati la vifaa. Chini ya mahema kulikuwa na kitabu kipya cha mafunzo, kilicholetwa miaka miwili nyuma, bado kimo ndani ya nailoni yake. Alikuwa amekipokea, akakitupia pale, akasema hawa vijana wa siku hizi watanifundisha nini mimi. Sasa aliichana nailoni. Ukurasa wenyewe hakuutafuta sana: *Usifunge kamba. Usichanje. Mtulize, asitembee, mguu uufunge kwenye gango la fimbo bila kubana, mfikishe hospitali.* Mistari minne, na mtoto wa darasa la nne angeielewa. Mhina alikaa juu ya mahema, akaona aibu ambayo hajawahi kuionja tangu azaliwe. Kutojua kungesameheka. Yeye aliletewa mlangoni akakataa kusoma.

Wiki zikapita amekaa kimya. Kila alipomwona Yasinta kwenye gwaride, mgongo wima na uso unang'aa, aligeuza uso. Akisema, yule mtoto ataishi akijua kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyompotezea baba yake mdogo mguu. Asiposema, kumi na saba wengine wanalo fundo lile vidoleni, na karibu wote wazazi wao wanashinda kwenye mkonge.

Siku mbili kabla ya sherehe alimweleza mkuu wa shule, Mwalimu Dorkasi. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Fundisha upya mwezi ujao, kimyakimya. Sema kitabu kimebadilika, basi. Mtoto amelala usingizi mzuri, kwa nini umwamshe kwa kumchoma?"

"Na ile beji?"

"Mpe. Alifanya alichofundishwa."

Kwa kweli ulikuwa ushauri mtamu, na Mhina alitamani sana kuufuata. Alikwenda nao nyumbani, akala nao, akaswali nao. Ijumaa alipotoka msikitini miguu ilimpeleka kwa Erasto, na mpaka anabisha hodi hakujua atasema nini.

Erasto alikuwa uani, magongo yameegemezwa ukutani. Yasinta alikuwa akipiga pasi sare yake, kola imekaa sawasawa kama ya askari. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Zima pasi uje ukae."

Akatoa kamba, akaiweka juu ya kigoda. Akasema yote: daktari, kitabu, nailoni. Hakuremba neno. Hata zile wiki za kukaa kimya alizitaja.

"Kosa ni langu," alimaliza. "Yasinta alifanya kama nilivyomfundisha. Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya, na njia ya kujua nilikuwa nayo."

Yasinta hakulia. Aliitazama ile kamba, kisha mikono yake, kisha akaingia ndani taratibu na kufunga mlango. Mhina angetamani binti apige kelele.

Erasto alilipapasa goti lililofungwa suruali kwa pini. "Mimi hili ungeniambia peke yangu, mwalimu. Ningelibeba. Mtoto umemwambia wa nini?"

"Kesho angepigiwa makofi kwa kosa langu. Halafu siku moja angelisoma mwenyewe kwenye kitabu."

"Mtoto huyu nilipokuwa napiga yowe alikuwa ananiambia, vumilia baba, mwalimu amesema ikiuma ndiyo inafanya kazi." Erasto alimwonyesha njia kwa kidole. "Ondoka. Tafadhali, ondoka kwangu."

Mhina aliokota kamba, akaondoka.

Jumamosi asubuhi wazazi walijaa kwenye uwanja wa shule, akina mama na khanga zao nzuri, watoto wadogo wakigombea kivuli cha bendera. Skauti kumi na saba walisimama mstari mmoja. Nafasi ya Yasinta ilikuwa wazi. Mwalimu Dorkasi alimtupia Mhina jicho la kumsihi, na Mhina akalikwepa.

"Leo hakuna beji," alisema. Minong'ono ikaanza. Akainua kamba juu watu waione, akaeleza tena kama alivyoeleza jana yake, safari hii kwa sauti ya gwaride, mbele ya watu waliomfahamu kwa miaka thelathini. "Saini zangu zote za huduma ya kwanza nimezifuta. Kadi zenu zipo mezani. Na mkiona sifai kuwa mkuu wa kikosi, mtakuwa mmeona sawa."

Mzee mmoja alikohoa. Mhina alianza kuifungua skafu shingoni, na vidole vilivyofunga mafundo gizani vikashindwa na lile moja.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha. Erasto alikuwa anakuja kwa magongo, amelowa jasho, maana kutoka kwake mpaka shuleni si karibu. Yasinta alimfuata nyuma, amevaa gauni la nyumbani, macho yamevimba. Erasto alipita katikati ya uwanja bila kumsalimia mtu, akafika kwenye benchi la wageni, akaketi. Alivua kiatu chake kimoja. Akanyoosha mguu wa kushoto mbele ya Mhina.

"Nimebaki na huu," alisema. "Mfundishe kwa huu."

Mhina aliitupa ile kamba kando. Akapiga magoti vumbini. Akachukua fimbo mbili za skauti, akalaza moja kila upande wa mguu, kisha akamwita Yasinta kwa mkono. Msichana alisimama pale pale.

"Siwezi kumshika tena, mwalimu."

"Njoo," Erasto akasema. "Mimi ndiye ninayekuita."

Akaja. Mhina alifanikiwa kuvua skafu yake, akampa. Akamwelekeza polepole, huku amefungua kitabu ardhini, wala hakuona haya kusoma kila mstari kwanza. Mtulize. Asitembee. Pitisha chini, zungusha, usivute. Mikono ya Yasinta ilisita mwanzoni, halafu ikakumbuka kazi.

"Sasa ingiza kidole chini ya kitambaa. Kinapita?"

"Kinapita."

"Muulize mgonjwa."

Yasinta aliinua uso. "Baba, kinabana?"

"Hakibani."

"Kinauma?"

"Hakiumi, mwanangu."

Hapo ndipo alipolia, kichwa amekilaza juu ya ule mguu, na uwanja mzima ukamwacha alie. Erasto aliweka mkono juu ya nywele zake akangoja mpaka amemaliza. Kisha akamwambia afungue skafu, ampe aliyesimama mbele kwenye mstari. Yule mtoto alibaki anamtazama Mhina, hajui kama aende au asiende.

Erasto alinyoosha mguu upya, akauweka sawa kati ya zile fimbo.

"Aje mwingine," alisema.