Kichwa cha Samaki Kilimwelekea Shuigen

Saa tatu asubuhi Xiujin aliwapandisha wageni wanne kutoka Lanzhou, mji wa bara, waliokuja kwa mkataba wa kununua samaki, kwenye boti ya watalii, akawagawia kofia na maji ya chupa. Kazi yake katika kiwanda cha samaki wa barafu cha Bosi Ou ndiyo hiyo: mchana kuwatembeza wageni, jioni kumnywea bosi pombe ya karamu, maana bosi ana ini bovu na heshima kubwa. Wageni walipiga picha kwenye mwamba wa kobe, wakapiga na hekaluni. Katika kila picha alitokea mwanamume mrefu, ameloa chapachapa, amesimama nyuma yao.

"Huyu naye nani?" aliuliza Meneja Tie, mkuu wa wageni, akiikuza picha kwenye simu.

"Mume wangu, Shuigen. Alizama hapa mwaka juzi."

"Mbona hakufunga vifungo vya koti?"

"Hakupata nafasi."

Shuigen alizama na mashua ya Bosi Ou, iliyotumwa baharini siku ya tufani. Bosi aliandika kwamba mashua haikutoka bandarini, na kwamba Shuigen ametoroka kazini. Mtoro si maiti. Hana cheti cha kifo, hana kaburi, na mama yake hana pa kumchomea ubani. Xiujin hakutaka kingine duniani ila neno moja la bosi: mashua ilitoka. Alishaliandika mwenyewe kwenye karatasi, ikabaki sahihi tu. Karatasi hiyo ilikuwa mkobani mwake mwaka wa pili sasa.

Jioni Shuigen aliwafuata wageni hadi mezani hotelini. Aliyemo pichani hanyimwi kiti, basi bosi akaamuru aongezewe bakuli. Akaletwa samaki mzima wa mvuke. Mhudumu alikielekeza kichwa kwa Meneja Tie, maana anayetazamwa na samaki ndiye mkubwa wa karamu, na ndiye anayeanza kunywa. Kioo cha duara cha katikati ya meza, kinachozungushwa ili kupitisha sahani, kikazunguka chenyewe mpaka kichwa kikamwelekea Shuigen. Mhudumu alikirudisha mara tatu, kikageuka mara tatu. Akachoka, akaenda kuleta supu.

"Haya kunywa, kaka, unatuchelewesha!" alisema Meneja Tie. Shuigen akanywa. Maji ya chumvi yakamchuruzika mikononi.

Upande wa juu wa samaki ulipokwisha, Meneja Tie, mtu wa bara, maskini, akafanya lile ambalo watu wa pwani hawalifanyi hata wakifa njaa: akamgeuza samaki. Huku, kumgeuza samaki ni kuipindua mashua. Vijiti vyote vya kulia vikatulia.

"Hivyo hivyo," alisema Shuigen. "Upande huo huo."

Maji yakapanda kutoka chini ya meza. Yalipofika magotini wahudumu walikunja suruali, wakaendelea kuleta sahani. Xiujin akatoa karatasi yake, akaiweka mbele ya bosi pamoja na kalamu.

"Bosi, mwenyewe huyu hapa. Muulize."

Bosi Ou alimtazama Shuigen, kisha akamtazama samaki. "Dada Xiujin, usiniaibishe mbele za watu. Mashua haikutoka."

"Na maji haya je?"

"Bomba limepasuka." Akaichukua kalamu, akatia sahihi mkataba wa Meneja Tie. Kisha akainua glasi. "Tumnywee mwenzetu mtoro, amerudi kundini!"

Ila ini lilikuwa haliruhusu, akamsogezea Xiujin glasi ile. Xiujin alimtazama mumewe. Mumewe akainamisha macho. Xiujin akainywa yote.

Walipokuwa wakitoka, viatu mkononi, bosi alimwita. "Kesho wanakuja watano wa Xi'an. Mumeo naye mwekee kiti, hana neno. Ila samaki aletwe amekatwa vipande, na kichwa kibaki jikoni."

Xiujin hakuwa na karatasi nyingine. Akaigeuza ile ile, akaandika nyuma yake: viti vinane, samaki vipande.