Hela Iliyorudi

...na sasa anabonyeza tena, anakunja uso, anabonyeza, huyu binti wa benki nyuma ya kioo, miwani yake imelalia kushoto, skrubu ya mkono mmoja imelegea, angekuwa dukani kwangu ningemwambia vua mdogo wangu nikukazie, hiyo hailipiwi, lakini hapa mimi ndiye mteja na kadi yangu iko mkononi mwake, anaigeuza mbele na nyuma kama anayekagua noti bandia, anasema dada, hii ni kadi ya mkopo, siyo, nasema ndiyo, anasema watu huja na kadi hizi wakiwa wanadaiwa mpaka puani, wewe yako hela imezidi, yaani hapa wewe ndiye unayetudai sisi, anacheka, hongera dada... hongera, nalimeza neno lake kama kidonge bila maji, naitika ahsante maana mdomo umezoea kushukuru, na kaka yangu yuko nje ndani ya gari, hakuzima injini, hakutaka kuingia, alisema wewe chomeka tu kadi kwenye mashine pale mlangoni, toa zote, tuondoke, hela ni yetu, na nilichomeka, mashine ikanitemea vinoti vya kununulia dawa ya mafua, ikakata na ada yake juu, kisha ikagoma, nikajaribu tena ikagoma, mzee aliyekuwa nyuma yangu akaguna, nikaingia ndani kupanga foleni huku kaka akinitazama kupitia kioo cha gari kana kwamba mashine nimeivunja mimi.

Binti ananieleza, taratibu, vizuri, nadhani ni mtoto wa watu wenye adabu, anasema ukitoa taslimu kwa kadi hii mfumo unahesabu umekopa, hata kama humo ndani ni hela yako mwenyewe, kuna kiwango cha taslimu, kikiisha kimeisha, na kila ukitoa unakatwa, nasema kwa hiyo ninakopa hela yangu mwenyewe, anasema ndivyo mfumo ulivyo dada, na hapo nasikia kabisa kicheko cha Mama, angeshika mbavu, Mama aliyeshona sare za shule mpaka vidole vikapinda na hakuwahi kukopa hata kidonge cha uzi, angesema haya, werevu wenu huo, mmeificha hela mahali ambapo hata ninyi hamuipati... lakini tungefanyaje Mama, ile hospitali haipokei noti za amana ya upasuaji wako, inataka kadi, na katika ukoo mzima mwenye kadi ni mimi peke yangu, kwa sababu ya mshahara wa duka la miwani, na kiwango chake kisingelipia hata kitanda, kaka ndiye aliyesema basi tuijaze sisi wenyewe, ikifurika na ifurike, wakaja wote, mwenye bahasha, mwenye kifuko cha nailoni, mama mdogo aliuza friji akaja na hela ikinuka samaki, nikaenda kuzimimina kwenye kadi, hospitali wakakata amana yao siku hiyohiyo, tukajiona watu, tulikumbatiana kwenye korido, hata kaka, ambaye hakumbatii mtu.

Kisha ikarudi. Nilikuwa nampimia mwalimu mmoja mstaafu miwani ya kusomea, anasoma herufi ubaoni, simu ikatetemeka mfukoni, nikaichungulia, malipo yako yamerejeshwa, yote, na mimi mjinga nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikadhani hospitali wametusamehe, nikadhani kuna msamaria huko juu kaguswa na roho, nikamwambia yule mwalimu leo nakupunguzia bei, na kabla sijamfungia miwani yake daktari akapiga, sauti kavu, ameangalia picha mpya, ugonjwa umeshaenea kila mahali, tukimfungua tutamfunga tu, hatutampasua... basi ndiyo hela hiyo anayonipongezea huyu binti, hela ya kutopasuliwa. Kaka akasema Mama asiambiwe, atakata tamaa, moyo ndio dawa, nikakubali, nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa naogopa, na kaka huyohuyo mwenye kulinda moyo wa Mama ameshauliza bei ya jeneza, nilimsikia, amesimama nje ya wodi na simu sikioni, sauti ya chini, anabembeleza bei kama ya tairi, akaniona, akasema lazima tujiandae, wewe unadhani watu watakula nini, watasafiri na nini, katoe hizo hela zikae mkononi, na hajakosea, hilo ndilo linaloniudhi, hajakosea, ila Mama yuko hai, Mama jana kamkaripia nesi kwa kukunja shuka vibaya.

Dada, anaita binti, nimepata njia, naihamishia kwenye akaunti yako ya akiba, huko hakuna makato, utaichukua hapahapa dirishani leo hii, ila mfumo unanitaka nijaze sababu, hela kubwa hii, imetoka wapi na kwa nini imerudi, nasema imetoka hospitali, anasema jina la hospitali naliona, walikutoza mara mbili eh, hutokea, niandike walikutoza mara mbili... na kichwa changu kinaanza kuitika, kweli, kinataka kuitika, maana uongo huu umeshapigwa pasi, ni wa kuvaa tu, nitauvaa juu ya ule wa daktari amesafiri, na ule wa mashine imeharibika, na ule wa damu ya kundi lako haijapatikana Mama, vuta subira, na Mama anavuta, Mama alikuwa akisema juu ya wengine mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hiyo ni ya mgonjwa anayeficha, je wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe, hao methali yao ipi...

Na jana jioni. Jana jioni nilimkuta amesukuma bakuli la uji mpaka ukingoni mwa meza, uji mzima, umeganda ngozi juu, nikasema Mama hujala, akasema sili usiku mimi, wewe hujui, yule nesi alinifundisha siku ya kwanza, mtu wa kupasuliwa halali na kitu tumboni, wasije wakaniita asubuhi nikawa nimekula wakanirudisha nyuma ya foleni, nikasema tangu lini unafanya hivyo, akaniangalia kama mtoto mzito wa kuelewa, akasema kila siku, si mnasema huenda ikawa kesho... kila siku, kwa hiyo mifupa ile mabegani, ile ambayo kaka anasema ugonjwa unakimbia sasa, mingine si ugonjwa, mingine ni sisi, Mama analala na njaa kwa ajili ya kisu ambacho hakipo na wanawe tunaitikia kwa vichwa, na mimi nilifanya nini, nililichukua lile bakuli nikaumwaga uji sinkini, nikaliosha, nikambusu paji la uso, nikaenda kulala nimeshiba.

Dada, sababu, anasema binti, vidole juu ya kibodi, foleni nyuma yangu inasogeza miguu, na kaka anapiga, simu inatambaa juu ya kaunta, siishiki, nina jibu, liko hapa kwenye ulimi, mama yangu hapasuliwi, hakuna cha kufanya tena, maneno machache tu, sijawahi kuyatamka kwa sauti, nikiyatamka sasa huyu mtoto wa watu mwenye miwani ya upande atakuwa ameyasikia kabla ya mwenye mwili, atayaandika, atabonyeza, mashine itajua, meneja atajua, Mama peke yake ndiye asiyejua, yuko kule amejilaza chali na tumbo tupu, anasubiri kuitwa... hapana. Namwogopa kaka, na Mama namwogopa zaidi, atanitazama na mimi nitalia kabla yake, na hela hii ni yake, yeye ndiye wa kuniambia ni ya jeneza au ya friji la mama mdogo au ya kula wali na kuku mpaka siku yake, sababu dada, anasema tena yule binti, kwa upole, na mimi bado niko palepale, kadi iko kwake, kaka bado anapiga, lakini ninajua nikitoka hapa nakwenda wapi, nitavuta kiti, nitakaa karibu kabisa, nitamshikia bakuli mwenyewe, nitamwambia kula Mama, kesho hawakuiti.