Simu ya Saa Nne na Nusu

Mume wangu alinipigia simu kila Jumamosi saa nne na nusu kwa miaka tisa, na kwa miaka tisa nilimjibu kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Nalisema hili mapema ili usije ukanihurumia bure.

Anaitwa Ishak. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, hapa hapa mtaani Free Area, na ugonjwa wake ulikuwa baiskeli. Si ile ya kubebea magunia. Ile ya milima, yenye tairi nene za meno na gia nyingi kuliko akili ya mwenyewe, kama nilivyozoea kumwambia. Kila Jumamosi akishaswali alfajiri alitoka na rafiki yake Naftaly, mwalimu wa hesabu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na wenzao wachache, wakapanda hadi vilima vya Bahati, wakaingia msituni, wakateremkia soko la Kabazi. Walirudi jioni na matope hadi masikioni. Na kila safari, saa nne na nusu, mimi nikiwa kwenye cherehani na pini mdomoni, simu ililia.

"Mama Sumeya, niko huku juu. Sikia."

Halafu aliinua simu hewani. Nilichosikia mimi ni upepo tu, siku nyingine kengele ya ng'ombe. Nilimwambia sisikii kitu, nina gauni la watu la kumaliza, usisahau maziwa. Kisha nikakata.

Maziwa aliyanunua Kabazi kwa mama mmoja anayeitwa Njoki, akayabeba mgongoni kwenye chupa. Njia ile ina mizizi na mawe, kwa hiyo yalifika nyumbani yamesukwasukwa hadi yana vidonge vya siagi. Hilo nalo nililalamikia.

Februari alianguka bafuni. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakamwishia yote isipokuwa mawili, "eh" na "hapana". Kwa mtu mwingine labda yangetosha. Lakini Ishak alikuwa mtu wa kuongea hata na friji anayoitengeneza.

Sikujua mtu anaweza kumkosa mtu aliyekaa naye meza moja. Nilikuwa namlisha uji, namkata kucha, namvika soksi, na wakati huo huo naitamani sauti yake mpaka kifua kinauma. Yeye naye alikuwa na hamu zake. Mchana kutwa alikaa barazani akitazama vilima vya Bahati, na baiskeli imeegemea ukuta nyuma yake, nimeifunika leso nisiione.

Jumamosi ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi ikisogea alianza kuisukuma simu yangu mezani kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, hadi inagusa kiwiko changu. Niliuliza anataka nimpigie nani. Dada yake? Hapana. Naftaly? Hapana. Daktari? Hapana, na machozi juu. Nilimwambia kwa hasira kwamba mimi si mganga, siwezi kusoma akili ya mtu. Baadaye niliingia jikoni nikalia peke yangu.

Jumamosi moja ya Septemba nilikuwa nashona upindo wa gauni, pini mdomoni, simu ikalia. Sikutazama. Niliibandika sikioni nikasema kwa mazoea, "Eh, Baba Sumeya." Alikuwa mteja anaulizia gauni lake. Lakini kule barazani Ishak aligeuza kichwa, akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nilimpa simu ya Sumeya, binti yetu, nikaenda jikoni nikampigia kutoka huko. Aliipokea, akasikiliza, akanichungulia kupitia mlangoni nilivyosimama kando ya sufuria.

"Hapana," akasema, akageukia vilima.

Basi usiniulize kichwa kilikuwa wapi. Nilienda kwa Naftaly nikamwambia Jumamosi ijayo ananipeleka msituni, mahali pale Ishak alipokuwa anapigia simu. Alinitazama toka juu hadi chini, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwenye magoti yanayolia kama mlango. Nilimkumbusha kwamba mimi nimekulia mtaa wa Bondeni, na baiskeli nyeusi ya baba yangu niliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya chuma cha katikati, kwa sababu kitini sikuwa nafika. Aliona heri akubali kuliko kubishana.

Siku yenyewe nilivaa suruali ya michezo ya Sumeya chini ya dera, nikafunga mtandio vizuri, nikavaa ile kofia ngumu ya Ishak juu yake. Begi lake nililibeba mgongoni. Nilipofunua leso na kuitoa baiskeli, Ishak alishika usukani kwa mkono wake mzima, hakuuachia. Nilimwambia naenda huko juu, nitampigia saa nne na nusu, asiende popote. Ilikuwa mzaha mbaya, lakini aliachia.

Naftaly alinishushia kiti cha baiskeli, akatafuta pikap ya kutufikisha ukingoni mwa msitu. Nilikubali bila kujivuna. Kutoka pale tuliingia kwenye misaiprasi iliyopandwa kwa mistari, tukapita mashamba ya viazi katikati ya miche, kisha njia ikawa nyembamba na msitu wenyewe ukaanza, ule wa zamani, wenye mierezi na mbega juu yake. Naftaly alinifundisha kwa sauti ya darasani. Nisikodolee macho jiwe ninaloliogopa, nitazame ninakotaka kwenda. Kwenye mteremko niinuke kitini. Vidole viwili tu kwenye breki. Nilianguka mara moja kwenye majani ya kuwasha, nikatukana kwa maneno ambayo mwalimu hakujua ninayo.

Lakini kulikuwa na mteremko mmoja, mrefu, laini, wenye majani makavu, ambapo baiskeli ilienda yenyewe na mimi nikasahau magoti, nikasahau gauni za watu, nikasahau hata Februari. Ilichukua dakika mbili tu. Chini nilisimama nikihema, nikamwonea Ishak uchungu ambao sikuwahi kuuona hata hospitali, maana sasa nilijua anachokitazama kutwa pale barazani.

Karibu na saa nne njia ziligawanyika. Kushoto iliteremka, na kwa mbali kwenye uwazi wa miti niliona mabati. Naftaly alisema huko ndiko Kabazi, kwenye chai na chapati. Nilijua basi ni hapa, Ishak alipiga simu akipumzika kabla ya chai. Nikatoa simu. Haikuwa na mtandao hata kidogo.

Naftaly alianza kuchezea gia zake.

"Hapa network hakuna, Mama Sumeya. Ishak alikuwa anatuacha hapa, anashika hiyo ya right." Alionyesha njia ya kulia, iliyopanda moja kwa moja katikati ya mawe. "Ni kama nusu saa kufika juu. Na haiendesheki, ni kusukuma tu. Anakupigia, anarudi. Akitupata huko chini, chai imeisha."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi. Hata ile siku ya mvua ya mawe. Tulimcheka, tukaita hiyo kilima network ya Mama Sumeya." Alitazama chini. "Nilimuuliza mbona asingoje tufike sokoni, huko network iko. Akasema sokoni utasikia bodaboda tu."

Nusu saa ya kusukuma, kwa simu ya nusu dakika, na nusu yake nilikuwa nazungumzia maziwa. Naftaly alitaka kunisindikiza. Nilimwambia ateremke akanywe chai yake. Alitaka basi niiache baiskeli pale. Nilikataa. Kama yeye aliisukuma, nami nitaisukuma.

Nilisimama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Pedali iliniparuza muundi hadi damu. Juu kabisa palikuwa na kisiki cha mwerezi, kimelainika juu kwa kukaliwa, na mbele yake bonde lote la Subukia. Niliketi. Nilitaka kwanza pumzi inirudi.

Ilipotulia ndipo nikasikia. Upepo kwenye mierezi, naam, lakini si upepo mmoja. Ulianza mbali, ukaja mti kwa mti hadi juu ya kichwa changu, ukapita. Kengele za ng'ombe, nzito na nyepesi, nyingi. Mbega wakikoroma. Maji mahali fulani chini. Na wanawake wanaolima viazi, wanaimba, sauti zinapanda na kukatika. Miaka tisa alinishikia haya yote hewani, nami nikamwambia sisikii kitu.

Ilikuwa saa nne na nusu na dakika tatu. Mtandao ulikuwepo. Sumeya alipokea, akasema Baba hajaondoa macho kwenye simu tangu saa tatu, akampa.

Nilikuwa nimepanga mengi ya kusema njia nzima. Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake nilisema alichokuwa akisema yeye.

"Baba Sumeya, niko huku juu. Sikia."

Niliinua simu. Niliishikilia juu, ili upepo uje tena toka mwanzo na kupita, na wale wanawake wamalize ubeti wao. Kisha niliirudisha sikioni. Kwa upande wake nilisikia cherehani yangu. Sumeya alikuwa anamalizia gauni la watu. Halafu nilisikia pumzi zake, za haraka haraka, kama za mtu anayesukuma kitu kizito kupandisha mlima.

"Ma," akasema. Nilingoja. "Mazi." Akavuta pumzi. "Maziwa."

Na akakata simu.

Sumeya aliniapia baadaye kwamba baba yake alikata mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, na kwamba alikuwa anacheka upande mmoja wa uso. Mimi pale juu nililia kwa sauti, bila kuficha, maana hapakuwa na wa kunisikia isipokuwa ng'ombe. Nilifungua begi la Ishak. Chupa ilikuwa bado ndani, kavu, ina harufu ya maziwa ya Februari. Chini, kwenye njia panda, Naftaly alikuwa amerudi kunipigia mluzi kwamba chai inaisha. Niliiacha iishe.