Mluzi wa Treni Ambayo Haijaundwa

Kuramochi Shiori alikuwa na kazi ya ajabu: kusikiliza treni ambazo bado hazijaundwa. Wahandisi walimletea mchoro, naye akapitisha upepo juu yake ndani ya kompyuta, hewa ikiwa imekatwa vipande vidogo mamilioni, kila kipande kikisukumana na jirani yake. Kutokana na misukumo hiyo alikokotoa kelele itakayomfikia mtu aliyesimama kando ya reli. Nusu sekunde ya sauti iliichukua kompyuta wiki kadhaa. Mimi, Nagao, nilikaa dawati la pili, nikimkatia hiyo hewa.

Masikio ya Shiori yalikuwa yanakufa. Sauti nzito alizisikia. Nyembamba zilimponyoka moja moja, kwanza nyenje wa kiangazi, kisha birika la jikoni. Hakulalamika. Alisema akilala huona vimbunga vidogo vikichomoka kwenye kingo za vitu, vya bluu na vyekundu, vikielea polepole, na huko ndotoni husikia kila kimoja.

Majira ya baridi tulipewa mchoro wa mkono mpya wa chuma, ule unaoegemea waya wa umeme juu ya paa la treni. Hesabu zilipokwisha, Shiori akanivalisha hedifoni.

"Kuna nini humo?"

Upepo ulivuma, na ndani yake kitu chembamba kama uzi wa hariri. "Kuna mtu anapiga mluzi, Kuramochi-san."

"Mimi naona mwiba tu kwenye grafu."

Mkuu wetu, Hirasawa, alicheka. "Kompyuta yako imeanza miluzi? Iulize kama inajua na kuimba! Huo ni mwangwi. Sauti imegonga ukuta wa kile kisanduku cha hewa mlichokichora kwenye kompyuta, ikarudi."

"Basi tupanue kisanduku, Bosi," Shiori akasema. "Mwangwi utahama. Mluzi ukibaki palepale, utatulisha samaki mkunga wa kuchoma."

"Ukipotea?"

"Nitakula maneno yangu, bila mchuzi."

Tukapanua. Mwiba ulibaki palepale. Hirasawa alijikuna shingo, bado haamini, lakini akatuma kielelezo cha ule mkono kwenye handaki la upepo kule Maibara, ambamo vitu hupimwa kwa feni kubwa.

Siku ya jaribio tulipofika kule, mlima Ibuki ulikuwa mweupe kwa theluji, na ziwa lililo chini yake limetulia kama limesahauliwa. Ndani ya handaki, kuta za sponji zilimeza kila sauti hata ukasikia mate yako yakishuka. Feni zikaanza. Upepo ukakua, ukakua, na ghafla, juu ya mvumo wake, mluzi ukaja. Uleule.

Shiori hakukitazama kielelezo. Alitutazama nyuso.

"Mluzi unalia?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hirasawa akamwinamia, chini kuliko wakuu wanavyoinama. "Nimeshindwa. Mkunga, na sahani ya pili."

Shiori akacheka naye, kisha kicheko kikamkauka. "Wote mmeusikia isipokuwa mimi niliyeutabiri."

Nilichukua tulichorekodi, nikakipunguza mwendo mara nne, sauti ikashuka mpaka chini ya ule mpaka wa masikio yake. Nikamvalisha hedifoni. Mluzi ulikuwa umegeuka kuwa kitu kizito na cha mbali, kama filimbi ya mianzi ndani ya ukungu.

Alifumba macho. Mabega yakamshuka. Dirishani mwanga uliondoka juu ya ziwa, na Hirasawa alisimama mlangoni na koti mkononi, asithubutu kumharakisha mtu.

"Kumbe ndivyo ulivyo," Shiori akasema mwishowe. "Mzuri." Akajifuta pua. "Haya. Tuuzibe."

Mluzi ulitoka kwenye ufa mdogo kati ya mabamba mawili, penye bawaba ya ule mkono. Tukaufunika kwa kifuniko chembamba. Mwiba ukafa kwenye kompyuta, mluzi ukafa handakini.

Treni ilipoanza majaribio tulikwenda watatu kusimama kando ya reli, pembeni ya mashamba ya mpunga. Ilipita kama pumzi ndefu. Upepo wake ukamvua Shiori kofia, naye akaikimbilia kwenye matuta ya matope, akicheka kwa sauti, viatu vyake vya kazini vikizama.